Kabla Hujasema "Sawa": Namna ya Kuepuka Kesi na Shule Kuhusu Elimu Maalum ya Mtoto Marekani

Katika vikao vya elimu maalum kwenye shule za Marekani, neno la Kiswahili linalozaa migogoro mingi ni "sawa". Mzazi aliyetoka Kigoma, Uvira au Kakuma akimwambia mwalimu "sawa", mara nyingi anamaanisha: nimekusikia, endelea. Mkalimani anatafsiri kwamba mzazi amekubali, na kumbukumbu za kikao zinaandikwa hivyo. Miezi 6 baadaye mzazi analalamika kuwa mtoto amehamishiwa darasa la watoto wenye ulemavu peke yao bila yeye kuulizwa. Shule inatoa karatasi inayoonyesha kuwa aliulizwa na akaridhia. Kila upande unaamini kwa dhati kwamba mwenzake anasema uongo, na hapo ndipo wanasheria huingia.

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili na wana mtoto mwenye mahitaji maalum katika shule ya umma ya Marekani. Una sehemu pia kwa Waswahili wanaofanya kazi ndani ya shule hizo kama wakalimani au maafisa uhusiano wa familia. Tunaamini migogoro mingi kati ya shule na wazazi hawa haitokani na ubaya wa mtu. Inatokana na jambo lililosemwa kwa mdomo, likaeleweka kwa namna mbili, na hakuna aliyeliandika siku ileile.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Sheria ya shirikisho inayoitwa IDEA ilianza mwaka 1975 kwa jina jingine na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Inampa mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, elimu ya umma ya bure inayomfaa. Huduma zake huandikwa katika mpango wake binafsi wa elimu, ambao kila mtu shuleni huuita IEP, nasi tutauita hivyo. Mwaka 2017, katika shauri la Endrew F. lililotoka Colorado, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mpango huo lazima uandaliwe ili mtoto apige hatua inayolingana na hali yake. Maendeleo ya jina tu hayatoshi. Haki hizi hazitegemei hati za uhamiaji za mzazi. Usiogope kuomba.

Ombi la kwanza liwe barua

Kumwambia mwalimu getini kwamba "huyu mtoto hasomi vizuri, mtazameni" kwa kawaida hakuanzishi chochote kisheria. Mwalimu atajibu kwa upole kwamba watamfuatilia, mwaka utaisha, na mtoto atakuwa amehamia darasa jingine. Andika barua fupi, iwe na tarehe, umpelekee mkuu wa shule na nakala kwa ofisi ya elimu maalum ya wilaya ya shule. Mfano:

*Tarehe 9 Septemba. Kwa Mkuu wa Shule na Mkurugenzi wa Elimu Maalum. Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa). Naomba mtoto wangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum chini ya sheria ya IDEA. Ninayoyaona nyumbani ni haya: hawezi kufuata maagizo mawili kwa mpigo hata kwa lugha yetu ya nyumbani, alianza kuongea akiwa na miaka 4, anasahau leo herufi alizojifunza jana. Naomba fomu ya ridhaa ya tathmini. Kama shule inakataa kumpima, naomba notisi ya maandishi inayoeleza sababu. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Jina, simu, sahihi.*

IDEA haidai barua iwe ya Kiingereza. Ila ili isikae mezani ikisubiri mtu wa kuitafsiri, mwombe mtu akuandikie sentensi ya ombi la tathmini kwa Kiingereza juu ya ukurasa. Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili, uombe katibu aigonge muhuri wa tarehe au aandike jina lake na siku aliyoipokea. Ukituma kwa baruapepe, tarehe inajihifadhi yenyewe. Ukiipiga picha kwa simu, tunza picha hiyo mahali ambapo haitapotea simu ikiharibika.

Sasa angalia saa inaanza lini. Kiwango cha shirikisho ni siku 60 kumaliza tathmini, lakini zinahesabiwa tangu siku uliyosaini fomu ya ridhaa, siyo siku uliyoleta barua. Mzazi asiyejua hili husubiri miezi 3 akidhani mtoto anapimwa, kumbe fomu iko kwenye mkoba wa mtoto haijasainiwa. Majimbo yanaweza kuweka muda wao. Texas, kwa mfano, wanahesabu siku 45 za shule, na wewe ukiomba kwa maandishi wana siku 15 za shule kukujibu. California wana siku 15 kukupa mpango wa tathmini, halafu siku 60 baada ya ridhaa. Uliza swali moja tu: "Mtamaliza tarehe ngapi?" Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, na siku 10 kabla yake piga simu.

Majibu mawili hutolewa sana kwa watoto wahamiaji, na yote mawili si sahihi. La kwanza: "Tusubiri kwanza ajue Kiingereza." Hakuna kifungu kinachoruhusu kuchelewesha tathmini kwa sababu hiyo. Pale mtoto anaposhukiwa kuwa na ulemavu, shule inapaswa kumpima katika lugha na namna itakayoonyesha kwa usahihi anachoweza. La pili ni kinyume chake: kumpa mtoto jina la ulemavu upesi kwa sababu hajui kusoma, kumbe alikaa kambini miaka miwili bila shule. Sheria inakataza kumtambua mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutokufundishwa kusoma au hesabu, au kutokujua Kiingereza vya kutosha. Kwa hiyo historia ya mtoto ni ushahidi, na mwenye ushahidi huo ni wewe.

Iandike kabla hawajaanza kumpima: alizaliwaje, aliwahi kupata malaria ya ubongo au degedege, masikio yaliwahi kutoa usaha, alisoma miaka mingapi na darasa lilikuwa na watoto wangapi, alikatisha masomo lini. Andika pia tarehe halisi ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wana Januari 1 kwenye hati zao kwa sababu tarehe ilikisiwa wakati wa kuandikishwa. Vipimo vya akili na lugha hulinganisha alama za mtoto na umri wake, kwa hiyo mtoto wa miaka 7 aliyeandikwa kuwa na miaka 8 na nusu ataonekana amebaki nyuma sana kuliko alivyo. Ukimwambia mwanasaikolojia mapema, ataliandika kwenye ripoti. Ukimwambia baada ya matokeo, utaonekana unatafuta kisingizio.

Kiswahili kipi, na mkalimani yupi

Fomu ya lugha ya nyumbani huwa na nafasi ndogo, na familia nyingi za Kongo ya Mashariki huandika "Kiswahili" ingawa nyumbani watoto wanaongea Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Matokeo yake mtoto anapimwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, lugha anayoisikia kanisani tu, na ripoti inasema ana upungufu wa lugha. Andika lugha zote kwa mpangilio: ipi anaongea na mama, ipi na ndugu zake, ipi aliyosomea.

Hata ndani ya Kiswahili pana tofauti. Mama wa Bukavu akisema mtoto "anatumika vizuri" anamaanisha anafanya kazi vizuri. Mkalimani wa Mombasa anaweza kupotea hapo. Istilahi za ulemavu ndizo hatari zaidi. Wazazi wengi hawajawahi kusikia neno "usonji" (autism). "Ulemavu wa akili" huwaingia masikioni kama ukichaa, na tumeona kuwa baba akishasikia mtoto wake anaitwa mwendawazimu mbele ya watu wanane, kikao kimekwisha hata kama kinaendelea. Mkalimani mwangalifu hueleza maana kwanza, kisha jina: mtoto anachukua muda mrefu zaidi kuelewa na kujitegemea kuliko wenzake wa umri wake, na shule inaita hali hiyo hivi.

Shule inawajibika kuchukua hatua zinazohitajika ili mzazi aelewe kinachozungumzwa kikaoni, ikiwemo kuleta mkalimani, bila malipo. Omba kwa maandishi walau wiki moja kabla, utaje unatoka wapi. Usikubali mtoto mwenyewe, kaka yake au dada yake wa sekondari atafsiri: hana istilahi, na atakuficha habari mbaya kwa kukuonea huruma. Mkalimani wa simu anafaa kwa kupanga tarehe ya kikao. Kwa kikao cha saa moja na nusu chenye karatasi 20 hafai sana, maana haoni ukurasa mnaousoma. Mkalimani asipofika, una haki ya kuomba kikao kiahirishwe. Omba hivyo. Kikao kilichofanyika bila mzazi kuelewa ndicho kinachokuja kuvunjwa baadaye, na shule yenye busara inalijua hilo.

Siku ya kikao

Watakaokuwapo kwa mujibu wa sheria ni wewe, angalau mwalimu mmoja wa darasa la kawaida kama mtoto yumo au anaweza kuwamo katika darasa hilo, angalau mwalimu mmoja wa elimu maalum, mwakilishi wa wilaya mwenye mamlaka juu ya huduma, na mtu awezaye kueleza matokeo ya vipimo. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi mbili. Asiyehitajika anaweza kuruhusiwa kutokuja, ila kwa idhini yako ya maandishi. Na kama somo lake litajadiliwa, lazima alete maoni yake kwa maandishi. Wewe pia unaweza kuja na mtu: jirani anayeijua shule, mchungaji, shekhe, mtetezi kutoka kituo cha kusaidia wazazi. Kazi yake iwe kuandika.

Omba ripoti ya tathmini na rasimu ya IEP siku kadhaa kabla. Una haki ya kuona kumbukumbu za mtoto kabla ya kikao cha IEP, na kwa vyovyote zisichelewe kupita siku 45 tangu uombe. Ukipata ripoti mezani palepale, utatumia saa nzima kusikiliza namba na dakika 10 za mwisho kuamua maisha ya mwaka mzima.

Kuhusu heshima. Kwetu mwalimu habishiwi mbele za watu, na mzazi anayeuliza sana huonekana mkorofi. Katika chumba hiki sheria imekuweka kama mjumbe kamili wa timu, sawa na mwanasaikolojia. Huna haja ya kupandisha sauti. Sentensi hizi zinatosha, na zinatafsirika vizuri:

"Mwalimu, nashukuru kwa maelezo. Nimesikia, ila bado sijakubali."

"Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu kama nilivyolisema."

"Mlifikiria njia gani nyingine kabla ya hii, na mliiacha kwa nini?"

Swali la tatu ndilo lenye nguvu. Shule hairuhusiwi kuja na uamuzi uliokwisha kufanywa, ikaita kikao kuwa mhuri. Mahakama zimeshaihukumu wilaya kwa kosa hilo. Mkisikia "sisi watoto wa namna hii tunawapeleka shule fulani", uliza hapohapo uamuzi huo ulifanywa lini na nani. Uliza kwa sauti ya kawaida.

Sahihi nayo ina mitego. Kuna sahihi ya mahudhurio, sahihi ya ridhaa ya kupimwa, na sahihi ya ridhaa ya kuanza huduma kwa mara ya kwanza. Kila moja ni jambo lake. Kukubali apimwe si kukubali huduma. Baada ya ile ridhaa ya mwanzo, majimbo mengi huruhusu shule kuanza kutumia IEP mpya ya kila mwaka hata kama hujasaini, ilimradi imekupa notisi; California na Massachusetts ni kati ya majimbo yanayotaka ridhaa yako. Kwa hiyo kukaa kimya bila kusaini si kinga kila mahali. Ukiwa hujakubali, andika kando ya sahihi yako: "Nimehudhuria tu. Sikubaliani na sehemu ya…" Hata kwa Kiswahili. Sheria inasema ridhaa ni ridhaa pale tu mzazi alipoelezwa yote kwa lugha yake, hivyo una sababu kamili ya kusema: naipeleka nyumbani, nisomewe, nitaileta Ijumaa. Na usije ukaifuta ridhaa yako ya huduma kwa hasira. Ukiifuta kwa maandishi, huduma zote za elimu maalum hukoma, siyo ile moja uliyoichukia.

Kuisoma IEP kama mkataba wa fundi

Hapa ndipo kazi kubwa ya kuzuia kesi inapofanyika, na ndipo wazazi wengi hupita haraka. Usingempa fundi hela ya nyumba kwa maneno "nitajenga vizuri". Ungeuliza vyumba vingapi, bati geji ngapi, mwezi gani. IEP isomwe hivyo.

Anza na hali ya sasa. Pale pawe na vipimo: maneno anayosoma kwa dakika, idadi ya maagizo anayofuata, mara anazokimbia nje ya darasa kwa siku. Kama pameandikwa "anapata shida katika kusoma", hakuna atakayeweza kuthibitisha mwakani kama shida imepungua, na ugomvi wa mwakani umeshapandwa.

Kisha malengo. Lengo bovu: "Ataboresha usomaji wake." Lengo zuri: "Ifikapo Mei 30, akipewa kifungu kipya cha kiwango cha darasa la 2, atasoma maneno 60 sahihi kwa dakika katika majaribio 3 kati ya 4. Sasa anasoma 28." La pili lina tarehe, kifaa, kiasi na mahali pa kuanzia. Mwalimu na mzazi wakitazama karatasi ileile mwezi Mei watapata jibu lilelile, hata kama hawapendani. Jihadhari na asilimia zisizo na kitu nyuma yake: "ataonyesha tabia njema kwa asilimia 80" ni asilimia 80 ya nini, ikihesabiwa na nani?

Huduma ziwe na dakika, mara ngapi, wapi, kwa kundi la watoto wangapi, na tarehe za kuanza na kuisha. "Tiba ya usemi kadiri inavyohitajika" ni ahadi isiyodaiwa. "Dakika 30, mara 2 kwa wiki, kundi lisilozidi watoto 3" inadaiwa. Fanya hesabu: kwa mwaka wa shule wa wiki 36 ni dakika 2,160, yaani saa 36. Mtaalamu akiacha kazi Oktoba na nafasi ikakaa wazi wiki 8, mtoto amekosa vipindi 16, saa 8. Uhaba wa wataalamu ni wa kweli na walimu wanaumia nao, lakini hauondoi wajibu wa wilaya. Mzazi anayesema "hamjamfundisha mwanangu" anajibiwa kwa maneno. Anayesema "kuanzia Oktoba 3 hadi Novemba 25 vipindi 16 havikufanyika, tupange namna ya kuvifidia" kwa kawaida anapangiwa ratiba bila kesi.

Usisahau usafiri kama mtoto anauhitaji kufika kwenye huduma, na swali la huduma za likizo ndefu ya kiangazi. Huduma za kiangazi hutolewa mtoto anapozihitaji ili elimu yake isiharibike, na hujadiliwa masika. Ukiliuliza Juni, basi limeshaondoka.

Notisi ya maandishi: karatasi ambayo wachache huiomba

Kila shule inapopendekeza au kukataa kubadili utambuzi, tathmini, darasa au huduma za mtoto, inapaswa kukupa notisi ya maandishi, inayojulikana kama PWN, kwa lugha yako isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Lazima ieleze inachopendekeza au kukataa, sababu, vipimo na kumbukumbu ilizotegemea, na njia nyingine zilizofikiriwa zikaachwa.

Faida yake si vitisho. Msimamizi akitakiwa kuandika sababu ya kukataa, huangalia upya, na mara nyingi hugundua sababu ni bajeti au mazoea, mambo ambayo hawezi kuyaandika. Kwa hiyo mtu akikuambia koridoni "hatutoi huduma hiyo hapa", jibu kwa upole: "Asante. Naomba PWN ya uamuzi huo." Kisha siku hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi: leo tulizungumza hivi na hivi, nimeelewa hivi, kama nimekosea nisahihishe. Ujumbe wa mistari mitatu, siku ileile.

Daftari moja la shule la kurasa 64 linatosha kwa mambo mengine: tarehe, nani alipiga simu, alisema nini, kilichoahidiwa, kilichofanyika. Jalada liwe na IEP zote, ripoti za vipimo, ripoti za maendeleo na barua. IEP hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, tathmini mpya angalau kila miaka 3 isipokuwa mkikubaliana haihitajiki. Ripoti za maendeleo huja kwa ratiba iliyoandikwa ndani ya IEP, kwa kawaida pamoja na ripoti za alama. Isipofika, uliza wiki hiyohiyo, maana mtoto aliyekwama tangu Novemba asigundulike Mei.

Simu ya "njoo umchukue"

Mtoto amepiga kelele, amevua viatu, amemsukuma mwenzake. Shule inapiga simu: njoo umchukue leo, atarudi kesho. Mzazi anaacha zamu kiwandani, anakwenda, anashukuru kwamba hawakumfukuza. Mara ya kumi na mbili anaachishwa kazi, naye anaanza kutafuta mwanasheria.

Kumrudisha mtoto mapema kwa sababu ya tabia kunaweza kuhesabika kuwa kusimamishwa masomo, hata kama hakuna barua. Uliza kila mara: "Huku ni kumsimamisha masomo? Naomba iandikwe." Andika saa uliyopigiwa na saa uliyofika. Adhabu za kumtoa zikizidi siku 10 za shule mfululizo, au zikijirudia kwa mtindo uleule hadi kuzidi siku 10 kwa mwaka, huo ni ubadilishaji wa mahali pake pa kusomea. Hapo, ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi ufanyike, lazima kiitwe kikao cha kuamua kama tabia ile imetokana na ulemavu wake au na shule kutotekeleza IEP. Ikiwa ndiyo, kwa kawaida hurudishwa alikokuwa, na shule hufanya uchunguzi wa chanzo cha tabia na kuandaa mpango wa kumsaidia. Silaha, dawa za kulevya na kumjeruhi mtu vibaya vina kanuni zake: shule inaweza kumhamisha hadi siku 45 za shule hata hivyo.

Usingoje siku ya kumi. Baada ya simu ya tatu, andika kuomba kikao na uchunguzi huo wa tabia. Mara nyingi chanzo ni kidogo: kelele za kantini, mabadiliko ya basi, mwalimu msaidizi mpya.

Mkishindwa kuelewana

Panda ngazi kwa utaratibu. Kwanza omba kikao kingine chenye mwezeshaji asiye wa shule. Majimbo mengi hutoa bure. Kama ubishi ni juu ya matokeo ya vipimo, omba tathmini huru kwa gharama ya umma, inayoitwa IEE: shule ama ilipe, ama ifungue shauri kuthibitisha kuwa vipimo vyake vilifaa. Haiwezi kukaa kimya.

Usuluhishi ni wa hiari na ni bure. Yanayosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi, na makubaliano yakisainiwa yana nguvu mahakamani. Malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo hayahitaji wakili: unaeleza kosa lililotokea ndani ya mwaka 1 uliopita, unapeleka nakala kwa shule, na jibu hutoka ndani ya siku 60 isipokuwa muda ukiongezwa. Kwa huduma zilizoandikwa zikakosekana, tunaona njia hii ndiyo bora, na haitumiwi inavyostahili.

Shauri rasmi mbele ya mwamuzi ni la mwisho. Kwa kawaida una miaka 2 tangu ulipojua tatizo. Shule inapaswa kuitisha kikao cha maridhiano ndani ya siku 15, na haiwezi kuja na wakili humo kama wewe hukuja na wako. Wakati shauri linaendelea, mtoto hubaki alipokuwa akisoma. Kinga hii haiji kwa malalamiko ya jimbo peke yake. Jua pia uzito wake: tangu uamuzi wa Schaffer v. Weast mwaka 2005, anayefungua ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha, isipokuwa majimbo kama New York na New Jersey yaliyoweka sheria yao. Ukishinda unaweza kurudishiwa ada ya wakili, lakini gharama za mashahidi wataalamu hazirudi, kwa uamuzi wa mwaka 2006. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha wazazi kinachofadhiliwa na serikali ya shirikisho. Wapigie kabla ya wakili.

Kwenu mnaofanya kazi shuleni

Mzazi akisema "sawa", usitafsiri ridhaa. Muulize: "Mama, ni sawa umekubali, au sawa umesikia?" Chukua dakika 10 na timu kabla ya kikao upitie istilahi, na dakika 10 na mzazi baada yake, ukimwomba akueleze kwa maneno yake kilichoamuliwa. Tofauti ikitokea hapo, irudishe kwa timu leo. Usimpe mzazi ushauri wako wa siri koridoni. Utaharibu imani ya pande zote mbili, na siku ya ushahidi utaitwa wewe.

Mkihama

Familia nyingi huhama jimbo zikifuata kazi au ndugu. Siku ya kuandikisha mtoto, onyesha IEP ya sasa: shule mpya inapaswa kumpa huduma zinazofanana na zile hadi itakapompima, ikiona inahitajika, na kuandaa IEP yake. Usiwaachie shule mbili zitumiane mafaili, zitachukua wiki. Beba jalada mkononi, siyo kwenye lori la mizigo. Kama mtoto amekaribia miaka 16, angalia IEP ina mpango wa kazi na maisha baada ya shule; na akikaribia 18, uliza kama haki hizi zitahamia kwake katika jimbo hilo, kwa sababu kwa majimbo mengi baada ya siku hiyo anayesaini ni yeye.